Patisheni ya Bamoja

Ijumaa hiyo, saa tatu asubuhi, Mzee Kigen alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, akavaa hedifoni, akafumba macho na kumngoja mkewe.

Mkewe, Chepkirui, alikuwa amefariki mwaka uliopita, mahindi yakiwa yanavunwa. Lakini kabla hajaondoka aliletwa hapa, kwenye nyumba ya mawe kule Elgon View, mjini Eldoret, iitwayo Kituo cha Sauti, mahali ambapo sauti za wazee wa nyanda hizi hurekodiwa na kuwekwa ndani ya seva. Walimrekodi akitega vitendawili, kwa sababu kijiji kizima cha Moiben kilikuwa hakijapata mtu wa kumshinda. Tangu azikwe, kila Ijumaa mzee huja mjini na maziwa yake, akishayauza anapitia hapa, mkewe anamtegea, naye anajibu kwa sauti kubwa mpaka wageni waliokaa kando wanaficha midomo wasicheke.

Siku hiyo hakumsikia. Alingoja, akagusa hedifoni, akangoja tena. Kisha akafumbua macho na kusema taratibu, kama mtu anayeuliza kama chai iko tayari, kwamba mama amekataa kuongea.

Aden ndiye aliyekimbia kuja. Alikuwa mtunzaji wa nyumba, mtu wa makamo aliyetoka Wajir zamani, mwenye funguo zote kiunoni. Yeye huwafungulia wageni, huwawashia mashine, huwaandikia vibao ukutani kwa mwandiko wa kupendeza: TAFADHALI PUNGUZA SAUTI. PITIA MLANGO WA PILI. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, akatazama skrini, na uso ukamsawijika.

"Bole, mzee," alisema. "Bole sana." Kisha akatoka nje, na hakurudi ndani asubuhi yote.

Saa nne kasoro, Purity, mkurugenzi wa kituo, aliwapigia polisi. Aliyetumwa alikuwa Sajini Rukia, mwanamke mpole wa sauti ya chini, mzaliwa wa mji huu huu, ambaye watu walipenda kumwambia mambo kwa sababu hakuonekana kuyataka sana. Kabla ya kuuliza chochote alivuta kiti akakaa na Mzee Kigen. Mzee hakulalamika. Alimweleza tu kwamba mazishini hakulia, kwa kuwa alijua ataonana naye Ijumaa.

"Sasa, mama polisi," akamaliza, "mimi nimefiwa mara ya pili, na safari hii hakuna hata kaburi."

Rukia alimwambia atajitahidi. Halafu akaingia chumba cha seva.

Ndani alimkuta Chelimo, fundi wa kituo, ameinama mbele ya skrini nyeusi iliyojaa maandishi meupe. Alimwomba amweleze kama anavyomweleza nyanya yake.

Chelimo akafikiri kidogo. Hii seva, alisema, ni ya zamani, kubwa kama kabati la nguo, na ndani ina bodi nne. Kila bodi ina ubongo wake na kumbukumbu yake, na diski zake. Fundi anakaa hapa, anaandika amri, anaiambia mashine: bodi hizi mbili ziwe nyumba moja, ile ya tatu iwe nyumba yake, na ya nne iwe yake. Kuta zenyewe si za kuchorwa, ni za chuma. Moto ukiwaka nyumba hii, wa nyumba ile wanalala usingizi. Kila nyumba inaitwa patisheni, na hapa zilikuwa tatu. OFISI ilikuwa ya kazi za kina Purity. PIPI ilikuwa ya michezo ya watoto wa shule wanaokuja likizo. Na BIBI, yenye bodi mbili, ndiyo iliyobeba sauti za wazee.

"Na sasa?" Rukia aliuliza.

"Sasa BIBI haipo. Jana saa kumi na moja jioni mtu aliizima, akaivunja, na bodi zake mbili akaziundia patisheni mpya. Hii hapa, angalia jina."

Rukia akainama. Kwenye skrini paliandikwa BAMOJA.

Mtu huyo aliingia kwa mtandao, akiwa nje ya nyumba, kwa akaunti ya msimamizi ambayo wote walikuwa wakiitumia, na neno lake la siri lilikuwa jina la kituo. Hata paka wa jirani alilijua. Mtu huyo alipomaliza kazi, alilibadilisha. Sasa Chelimo angeweza kutazama, lakini si kugusa.

"Kwa hivyo sauti zimeungua."

"Bado, sajini. Ukibomoa kuta, vyombo vinabaki sakafuni. Vyote viko kwenye diski. Lakini hii nyumba mpya imeachwa mlango wazi, inangoja kuwekewa mfumo wa kuiendesha. Aliyeiunda akianza tu kuuweka, diski zitapanguswa zote. Anaweza kuanza kesho, anaweza kuanza sasa hivi tukiongea."

Rukia aliuliza kwa nini wasichomoe stima. Chelimo akatikisa kichwa: mara ya mwisho stima ilipokatika ghafla, diski mbili za mashine hii hazikuamka tena. Na nakala walizokuwa nazo zilikuwa za kabla ya Chepkirui kurekodiwa. Dawa ilikuwa moja: kumpata mwenye neno jipya la siri kabla hajaanza, avunje BAMOJA, waunde BIBI upya juu ya bodi zile zile.

Basi Rukia akaanza kuongea na watu, mmoja mmoja, barazani.

Wa kwanza kutajwa na kila mtu alikuwa Muigai, mtengenezaji wa muziki mwenye studio mjini. Kwa wiki kadhaa alikuwa akiomba sauti za wazee aziweke ndani ya nyimbo zake, na Purity akimnyima. Jana jioni alionekana kwenye geti, saa hizo hizo, akiwa na simu mkononi. Alipoitwa alikuja haraka, amevaa miwani ya jua ingawa kulikuwa na mawingu, akasema ndiyo, alikuja kubembeleza mara ya mwisho na akafukuzwa.

Rukia alimwandikia lile jina kwenye karatasi, akamsukumia. Muigai akalitazama, akacheka kicheko kifupi.

"Madam, mimi ni wa Nyeri, kwetu B haitoki bila M. Jina kama hili ningelisema *mbamoja*. Unaweza kuuliza mama yangu."

"Kwa hivyo unajua linamaanisha nini."

"Si ni *pamoja* tu? Limevaa kofia ya mtu mwingine."

Rukia akalirudia kichwani. Pamoja. Alikuwa amelitazama saa nzima akifikiri ni namba ya siri ya mafundi, BA moja, BA mbili. Lakini Muigai pia aliongeza jambo la maana: kwamba sauti hizo alizitaka zikiwa hai, na mwizi hachomi ghala la mahindi anayotaka kuiba. Rukia akamwachilia.

Purity naye alikuwa na sababu. Mashine ilikuwa inakula stima nyingi na alikuwa ameshasema mara mbili kwenye mkutano kwamba inafaa kuondolewa. Alipoulizwa hakukasirika, machozi yalimlengalenga. Alisema nyanya yake mwenyewe yumo humo ndani, kwenye patisheni ya Bibi. Ila yeye, kama watu wengi wa kwao Kapsabet, alitamka *Pibi*. Alijisikia, akajicheka huku akijifuta macho.

"Unaona, sajini? Sisi na hizo herufi ni shida. Hata jina langu mwenyewe huwa nalipigania nikiwa na hasira."

Rukia naye akacheka, lakini sikio lake lilikuwa limeshika kitu. Akamwomba Purity aseme *baba*. Purity akasema *paba*. Akamwomba Chelimo, ambaye ni wa Iten, aseme *bandika*, na licha ya chuo kikuu chote Chelimo akasema *pandika*, wakacheka wote watatu. Rukia akawashukuru, akatoka nje, akasimama chini ya mvua ya rasharasha akifikiri.

Watu wa nyanda hizi neno likianza hulianza kwa P, hata likiwa la B. Aliyesema *bamoja* alifanya kinyume. Alikuwa mtu ambaye P haimo kabisa katika lugha aliyonyonya nayo. Na Rukia alimjua mtu kama huyo vizuri sana, kwa kuwa amelelewa na mmoja: baba yake, Msomali mwenye duka la vitambaa, ambaye mpaka leo kila asubuhi humuuliza *bolisi* wanaendeleaje.

Hapo moyo wake ukawa mzito.

Lakini kulikuwa na jambo lisilokaa sawa. Aliugeukia ukuta wa baraza wenye vibao. TAFADHALI PUNGUZA. PITIA. PILI. Aden aliandika kila P mahali pake, imenyooka kama askari. Mkono wake uliijua herufi. Mdomo ndio uliokuwa haujaonana nayo. Kama angeandika yeye, angeandika PAMOJA. Basi jina lile lilitoka kinywani mwa mtu mmoja likaandikwa na mkono wa mwingine, mtu aliyekuwa mbali, aliyesikia kwa simu na kuandika alichosikia.

Na kama jina jipya lilipita kwenye simu, basi jina la zamani pia lilipita.

Rukia akasimama wima. Akalisema jina la patisheni ya watoto kwa sauti ya baba yake, polepole, kisha akalisema la patisheni ya wazee kwa sauti hiyo hiyo. Yalikuwa neno moja.

Alimkuta Aden nyuma ya tangi la maji, simu sikioni, haongei. Alikuwa amepiga namba moja tangu asubuhi na haishikwi. Rukia hakumwita kama askari anavyomwita mtuhumiwa. Alimwamkia kwa Kisomali, akamwita *adeer*, yaani ami, ndugu wa baba, naye Aden akamjibu kwa neno hilo hilo, kama ilivyo desturi yao, mkubwa kumrudishia mdogo heshima aliyompa. Wakakaa juu ya kreti za soda.

"Adeer," Rukia alisema, "ulitaka ipi ivunjwe? Sema tu jina lake."

Aden akaiweka simu mapajani.

"Bibi," alisema.

"Ya sauti za wazee?"

"Hapana, wallahi! Ya michezo ya watoto. Bibi. Ile tamu, ya kutafuna."

Rukia akafumba macho. Alimwambia kwamba mtu aliyekuwa kwenye simu alisikia bibi, mama wa mama. Aden akaitikia kwa kichwa. Alijua tangu saa tatu asubuhi, alipoitazama ile skrini.

Kisha akaanza kueleza, na hakuhitaji kuulizwa tena. Mama yake, Ruwayda, anaishi naye kule Munyaka. Ni mwanamke aliyekulia nyuma ya ngamia, mwenye vitendawili ambavyo Aden hajawahi kuvisikia kwa mtu mwingine. Sasa ameanza kusahau. Kwanza alisahau majina ya majirani, kisha njia ya kwenda chooni, na wiki iliyopita alimwita mwanawe kwa jina la kaka yake aliyekufa utotoni. Aden alimwomba Purity mara tatu mama arekodiwe, na mara tatu aliambiwa asubiri, kwa kuwa mradi ulianzishwa kwa ajili ya wazee wa nyanda hizi. Yeye aliyemwashia kila mtu sauti ya mama yake hakuwa na mahali pa kumweka wake. Basi akawaza: watoto wako shuleni, michezo yao imo kwenye CD za kabatini, haitapotea. Akampigia Wepukhulu, fundi wa Kitale aliyefahamiana naye zamani na anayezijua mashine za aina hii, akampa neno la siri, akamwambia ni kazi ya ofisi. Leo baada ya chakula cha mchana Wepukhulu angeweka mfumo, na jioni Aden angepakia sauti za mama kutoka kwenye simu yake. Jina la nyumba hiyo alilichagua yeye, ili siku wakijua wasione kama amejitenga.

"Nilitaka kumtafutia mama yangu chumba," alisema, "nikamtoa bibi ya mwenzangu nje. Mzee amenitazama, nikamwambia bole. Nimeshindwa kusema lingine."

"Na ulinyamaza Muigai akiitwa na polisi."

"Nilinyamaza. Hilo ni langu."

Rukia alimweleza basi kwamba sauti hazijaungua, zimelala kwenye diski, na kitakachoziunguza ni chakula cha mchana cha Wepukhulu. Aden akaruka kutoka kwenye kreti kama mtu aliyeguswa na makaa. Namba ya fundi haikushikwa tena. Rukia akauliza fundi ana nani nyumbani, na Aden akakumbuka mkewe anauza mboga karibu na stendi ya Kitale, na namba yake alikuwa nayo kwa sababu ya sukuma wiki aliyoagiza siku moja. Mama huyo alishika simu kwa mlio wa kwanza. Aliwaambia mumewe ameacha simu kwenye chaji na amekaa ndani, nyuma ya kibanda cha mboga, na ile kompyuta yake, ndio anaanza kazi. Wakamsikia akitembea, kisha akikimbia, ndara zikipiga chini, kisha akiita jina la mumewe kwa namna ambayo ingemtoa mtu hata kaburini.

Wepukhulu alipokuja kwenye simu alikuwa na wasiwasi.

"Lakini nilimuuliza," alisema. "Niliona majina mawili yamefanana. Nikamuuliza, ni Bibi ama ni Pipi? Akasema ndiyo, hiyo hiyo, Bibi."

"Mimi nilifikiri ananirudia ninachosema," Aden akanong'ona.

Diski hazikuwa zimeguswa. Kidole cha Wepukhulu kilikuwa juu ya kitufe, alisema, na hilo alilisema mara mbili. Akamsomea Chelimo neno jipya la siri, alilobadilisha kwa kuwa la zamani lilikuwa rahisi mno, herufi kwa herufi, na kila herufi Chelimo akamlazimisha aitolee mfano: P ya panya, B ya bata. Kisha Chelimo akaketi mbele ya skrini nyeusi, na wote wakasimama nyuma yake kama watu wanaongoja nje ya chumba cha kujifungulia. Kwa amri ya kwanza aliizima nyumba mpya. Kwa ya pili akaivunja. Kwa ya tatu akaiambia mashine ichukue bodi zile mbili, kwa mpangilio ule ule wa zamani, iziunde patisheni moja. Alipofika kwenye jina aliandika B, akainua mkono, akaitazama, ndipo akaendelea. Amri ya mwisho ilikuwa ya kuiamsha. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena, na mistari myeupe ikaanza kushuka kwenye skrini.

Kabla ya mzee kuvaa hedifoni, Aden alipiga magoti mbele ya kiti chake. Rukia alikuwa amemwambia angeweza kusema yeye kwa niaba yake, akakataa. Alieleza yote mbele ya Purity, mbele ya Muigai aliyekuwa amerudi kujua mwisho wa mambo, na hakujitetea kwa neno lolote. Purity aligeuza uso dirishani aliposikia habari ya zile mara tatu.

Mzee Kigen alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa hedifoni. Wakamwona akikaza macho, na kutoka kwenye vile vikombe vya masikio wakasikia, mbali kama mtu aliye ng'ambo ya bonde, sauti ya mwanamke ikitega: wasichana wangu wote wamebeba watoto ubavuni, na hakuna hata mmoja aliyeolewa.

"Mahindi," mzee akasema. Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta.

Akajibu cha pili na cha tatu. Kisha akavua hedifoni, akazishika mapajani.

Sajini Rukia akamuuliza kama anataka kushtaki. Sheria ilimruhusu, alisema, na kituo pia.

Mzee akazitazama hedifoni. "Hivi vya Chepkirui nimevijua vyote," alisema. "Najibu kabla hajamaliza. Akiwa hai angenipiga mwiko kwa kumkata maneno." Akamgeukia Aden, ambaye bado alikuwa chini. "Mama yako ni hodari kweli, ama unamsifu kwa sababu ni wako?"

"Ni hodari, mzee."

"Basi simama. Uende ukamlete."

Purity hakungoja kuulizwa. Alimwambia Chelimo kazi za ofisi zinaweza kuhamia kwenye kompyuta ndogo hata leo, na bodi ya OFISI apewe mama. Ilikuwa karibu saa kumi gari la polisi lilipoingia getini likiwa na Bi Ruwayda kiti cha mbele, amejifunika shela ya zambarau, ametulia kama aliyeitwa kuhukumu. Walimkalisha mkabala na Mzee Kigen. Chelimo akaweka kipaza sauti katikati yao. Rukia akakaa chini, karibu na magoti ya mama, atafsiri.

Bi Ruwayda alimtazama mzee wa Moiben kuanzia kofia mpaka kwenye gambuti. Akatega: mchana mimi huibeba nyumba yangu, usiku yenyewe hunibeba mimi.

Mzee akasema kobe. Mama akatikisa kichwa. Akajaribu konokono. Mama akamuuliza Rukia kama huyu mtu ana akili nzuri. Mzee akasema blanketi, akasema viatu, akasema mke, na hapo hata Aden akacheka akiwa mlangoni. Mwisho mzee akainua mikono yote miwili na kukiri ameshindwa, na kwa kuwa ameshindwa ilibidi atoe mji.

"Nakupa Moiben," alisema kwa ukarimu. "Na mahindi yake yote."

Rukia akatafsiri. Mama akafikiri, akasema maneno machache, akajifunga shela vizuri.

"Anasema Moiben kuna baridi," Rukia alisema. "Anataka Eldoret."

Mzee Kigen alitazama nje dirishani, kwenye mabati ya mji yaliyokuwa yakimeta baada ya mvua, kama mwenye mali anayeagana na shamba lake. Akavuta pumzi.

"Mpe," alisema. "Sasa aniambie jibu, halafu atege kingine."